Mwendo wa Kawasemi

Minori aliambiwa hatembei kama mwanamke.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa cha vazi la Kawasemi kakipakata, nywele zimemganda usoni kwa jasho. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemfungua zipu na kumpepea mgongo kwa kipande cha boksi. Prodyuza wetu, Bwana Hirasaka, alisimama mbele yake kainamisha kichwa, akazungumza kwa upole sana, vile watu wa hapa studioni wanavyozungumza wakiwa wameshaamua.

"Minori-san, kazi yako nzuri. Unaruka vizuri, unapiga vizuri. Ila uanamke haujaonekana."

Minori akajitazama kifuani, kisha akageuka kunitazama. "Haujaonekana wapi?"

"Katika mwendo. Unatembea kama mtu anayekwenda kugombana."

"Si nakwenda kugombana kweli? Pale mbele kuna zimwi kubwa kama nyumba nzima."

Watu wa taa wakacheka. Bwana Hirasaka naye akacheka kidogo, akafuta shingo kwa kitambaa, na akalisema lililomleta. Tukio la mwisho, lile la Kawasemi kutoka kwenye moshi na kuja peke yake kuelekea kamera, angelifanya Mzee Kuramochi. Minori angerudi kwenye kundi la askari wa mavazi meusi.

Studio yetu iko pembeni mwa Tokyo, na kila Jumapili asubuhi watoto wa nchi nzima huangalia mashujaa wetu watano wakipigana na mazimwi. Kawasemi ndiye wa bluu, naye ni mwanamke. Jina amepewa la yule ndege mdogo anayepiga mbizi mtoni na kuibuka na samaki. Uso wake hauonekani, amefunikwa kuanzia utosini hadi kidoleni, na kwa miaka mingi aliyekuwa ndani ya vazi alikuwa mwanamume, Kuramochi Tetsuji, mtu wa mabega mapana na sauti ya kukwaruza.

Kwetu hilo halikuwa kioja. Walipoanza, kikundi cha warukaji, wale wanaovaa mavazi na kupigana mbele ya kamera, hakikuwa na mwanamke hata mmoja, na wanawake walipokuja, mazoea yalikuwa yameshakaa. Tena Mzee Kuramochi alikuwa hodari. Magoti yake yalikaribiana, kidevu kilikuwa juu kidogo, mkono mmoja kauacha nyuma kama anashika kitu kisidondoke. Akina mama walikuwa wakiandika kuuliza dada huyo kasomea ngoma wapi. Hata mimi nilimpenda kabla sijamjua. Baada ya shule ya msingi nilishindwa kuendelea, nikajifungia chumbani kwa muda mrefu, na kilichonitoa kila Jumapili kilikuwa Kawasemi. Nilipokuja kuomba kazi kwenye chumba cha mavazi, nikaonyeshwa yule bwana anakula wali na kusokota masharubu, ndiye yeye, nilicheka hadi nikaulizwa kama naumwa.

Filamu yake mwenyewe Kawasemi aliisubiri mno. Wakubwa walikuwa na majibu yao. Wavulana hawatanunua mdoli wa kike. Wasichana wana vipindi vyao. Kampuni nyingine ilijaribu zamani ikaanguka. Niliyasikia yote kwa sababu mtu aliyepiga magoti akipima pindo la suruali watu humsahau. Na niligundua kitu: filamu ya shujaa wa kiume ikianguka, wanasema hadithi ilikuwa mbovu. Ya shujaa wa kike ikianguka, wanasema si mnaona, ni mwanamke.

Mwisho wakakubali, kwa masharti. Iwe fupi. Ionyeshwe baada ya filamu ya shujaa Mwekundu, kwa tiketi ileile, ili isipopendwa mtu asidai kitu. Na Mwekundu aje mwishoni kulimaliza lile zimwi. Mwongozaji wetu, Bi Munakata, alikataa sharti hilo la mwisho, akabishana nao mchana kutwa, akatoka chumbani macho mekundu.

"Mwekundu nimemtoa," alituambia. "Lakini imenibidi nikubali sketi."

Ndipo tukashona sketi juu ya suruali ya kupigania, na Minori akachaguliwa. Mwanamke wa kwanza kuingia ndani ya Kawasemi. Studio ikalitangaza jambo hilo kwa fahari, pamoja na picha.

Kumbe mdoli wa duka alikuwa ameshachongwa kwa umbo la Mzee Kuramochi akiwa na sponji zake za kifuani na za nyonga. Vazi lilipaswa kufanana na mdoli. Basi nikamvisha Minori sponji zilezile, juu ya kifua chake mwenyewe.

"Yaani mimi navaa matiti ya Kuramochi-san?" aliuliza.

"Na makalio pia. Yako kwenye mfuko wa pili."

Alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa mtu wa kucheka. Miaka yote alikuwa askari mweusi, wale wasio na jina ambao mashujaa huwapiga mafungu kwa mafungu. Alikuwa ameanguka toka kila ukingo wa machimbo ya mawe ya Chichibu, tunakopigia picha, akipigwa na Kawasemi wa Mzee Kuramochi, akiamka na kusema asante.

Kwa hiyo siku aliyoambiwa habari ya mwendo, hakulia. Alininyooshea tu kile kichwa nikipokee. Lakini tulipobaki wawili alisema, "Kozue, wakinitoa kwenye tukio la mwisho, si mimi tu. Watasema tulijaribu mwanamke, haikufaa. Hakuna atakayejaribu tena."

Picha za ukutani, matangazo, jalada, vyote vingetoka kwenye tukio lile. Aliyetoka kwenye moshi ndiye angekuwa Kawasemi.

Mzee Kuramochi alikuja kesho yake chumbani kwetu. Studioni, hata ukifika saa tisa mchana, salamu ni habari za asubuhi, naye akaitoa huku anachechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Ndiyo sababu alikubali kumwachia Minori vazi, ingawa mwenyewe alikuwa akisema ameliacha kwa kuchoka kunuka.

"Njoo uani," alimwambia Minori. "Nikufundishe. Ukitembea kama wanavyotaka, hawatakuwa na sababu."

Akamwekea karatasi katikati ya magoti. Tembea, isidondoke. Minori akatembea. Mimi nilikuwa mlangoni nakausha glavu kwa kikausha nywele, nikajiuma mdomo.

"Sema, Kozue-chan," Mzee alisema bila kugeuka. "Anafanana na nani?"

"Na mtu anayetafuta choo."

"Asante sana, rafiki yangu," Minori akanijibu, na karatasi ikadondoka.

Walirudia, wakarudia. Mzee akamwonyesha tena: magoti, kidevu, mkono wa nyuma. Hata na goti bovu, hata na ndala na fulana iliyotoboka, ukimwona vile ulimwona Kawasemi, bluu yote.

"Mwendo huu uliutoa wapi?" Minori aliuliza. "Ulisomea?"

Mzee akakaa kwenye ngazi. Nilimmiminia chai ya shayiri ya baridi, akainywa yote kabla ya kujibu.

"Mama alikuwa na duka la tofu, anagandisha soya mwenyewe. Alfajiri anatembeza mitaani, beseni la maji begani, tofu ndani yake. Nyonga yake iliharibika aliponizaa mimi. Ndiyo maana alibana magoti, maana akiyaachia inamchoma. Kidevu juu kwa sababu ya beseni. Mkono nyuma kwa sababu ya mimi, nilikuwa mgongoni." Akacheka kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Wakaniambia nifanye mwanamke. Mimi mwanamke niliyemjua alikuwa mmoja."

Minori akakaa kando yake kwenye ngazi.

"Kwa hiyo wanachokiita uanamke…" Minori alianza.

"Ni nyonga ya mama yangu. Usimwambie Hirasaka, atapata homa."

Minori akaangalia ile karatasi chini. "Mama yangu mimi anaendesha lori la samaki. Usiku hadi bandarini, asubuhi sokoni. Akishuka kwenye lori, wanaume wanahamisha makreti yao."

"Anashukaje?"

Minori akasimama. Akashuka kwenye lori lisilokuwepo, akauchapa mlango, akaja upande wetu. Mguu wa kushoto mbele, mabega yametangulia, mikono imetulia kabisa. Nilirudi nyuma hatua moja bila kujua.

Mzee Kuramochi alimtazama kwa muda, jinsi ninavyomwona akitazama vazi jipya kabla hajaliingia. Kisha akaiokota karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Somo limekwisha," alisema.

"Bado sijaweza."

"Limekwisha."

Tulikwenda machimboni siku ya tukio la mwisho. Jua lilikuwa kali na mawe yanarudisha joto usoni. Watu wa baruti walikuwa wameshatega milipuko yao, na mashine za moshi zimepangwa nyuma ya kifusi. Minori alivaa nyeusi kama alivyoambiwa, akasimama na askari wenzake. Mzee Kuramochi aliingia hemani kwangu. Nilimfunga goti kwa bandeji, nikampaka poda mabegani, nikampandisha vazi. Lilikuwa limepunguzwa kwa ajili ya Minori, ikabidi niachie mishono ya pembeni.

"Kaza," alisema.

"Litakubana."

"Kaza tu. Sitakaa humu sana."

Alitoka nje, kichwa cha Kawasemi kwapani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa askari weusi.

"Minori. Ukitoka kwenye moshi, unaanza na mguu gani?"

Minori alikuwa amenuna, haki yake. "Si unajua. Magoti pamoja, kidevu juu."

"Nimekuuliza wewe unaanza na mguu gani."

"Wa kushoto."

"Mikono?"

"Haichezi."

"Haya." Akavaa kichwa, nikamfunga ndoano za nyuma, akaenda nyuma ya kifusi.

Bi Munakata akapaza sauti. Moshi ukatoka, mweupe, mwingi. Tukasubiri. Akatokea Kawasemi, mguu wa kushoto mbele, mabega yametangulia, mikono imetulia, kama mtu aliyeshuka kwenye lori ambalo wenzake wameliziba njia.

Niliangalia kwanza kama Minori bado yuko kwenye kundi lake. Alikuwepo. Alikuwa amejishika mdomo juu ya kile kitambaa cheusi cha kufunika uso.

"Simama, simama," Bwana Hirasaka alisema. Akamsogelea Kawasemi, akainama kidogo. "Kuramochi-san, samahani sana. Naomba kama kawaida yako."

Kichwa cha Kawasemi kikainama pia. Wakarudia. Moshi, mguu wa kushoto, mabega.

"Kuramochi-san!"

Sauti ikatoka ndani ya kichwa, imezibwa kama mtu anayesema kutoka ndani ya mtungi. "Ndiyo, bwana."

"Mbona unatembea kama Minori?"

"Natembea kama Kawasemi."

"Kawasemi ni wewe!"

"Wa zamani, ndiyo. Wa filamu hii nimemwangalia tangu picha ya kwanza, anatembea hivi. Mimi kazi yangu nikiingia ndani ya mtu ni kumfuata. Akifika mwisho akabadilika mwendo, watoto watauliza, huyu aliyeingia ni nani?"

"Aa, watoto hawatagundua," Bwana Hirasaka akasema.

Mtu wa baruti aliyekuwa anafunga waya akauacha. Sisi hatuvui kichwa mbele ya mgeni hata tukizimia. Tunashona upya mpasuko wa vazi usioonekana na kamera. Yote hayo kwa sababu moja, na prodyuza huyohuyo ndiye aliyetufundisha sisi vijana tulipoanza, kwamba mtoto huona. Nilimwona Bwana Hirasaka analisikia neno lake mwenyewe. Uso ukamshuka. Si mtu mbaya yule. Mezani kwake ana mdoli wa Kawasemi wa toleo la kwanza, amempangusa hadi rangi imetoka kichwani.

Mzee Kuramochi hakumwacha ateseke. "Bwana, mimi namwiga tu. Mwenyewe yule pale, kavaa nyeusi. Na goti langu, kusema kweli, linapiga kelele."

Bwana Hirasaka akamtazama Bi Munakata, na Bi Munakata akaangalia mashine.

"Moshi umebaki wa mara moja," alisema. "Na baruti ndiyo hiyo hiyo. Amua wewe."

Prodyuza akavua kofia, akajipepea, akaivaa tena. "Nikikosea hapa," alisema polepole, "wale wa juu hawatanipa filamu nyingine kama hii. Hawatampa mtu yeyote."

"Hilo hata mimi nalijua," Minori alijibu kutoka kwenye kundi lake. Hakusema kwa ukali.

Wakatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza wanatazamana kama watu wanaoogopa kitu kimoja. Kisha Bwana Hirasaka akaniita.

"Kozue-san. Kuwabadilisha ni muda gani?"

"Wakianza sasa hivi, si muda."

Tulikimbilia hemani. Mzee alitoka ndani ya vazi kama ndizi iliyoiva, anachuruzika, na Minori akatia mguu.

"Kuramochi-san! Limeloa chapachapa!"

"Ndizo baraka zangu hizo. Ingia."

"Linanuka!"

"Mwaka wa ishirini utalizoea."

Nilirudisha mishono kwa pini. Nikazishika zile sponji. Bwana Hirasaka alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, nikamtazama nikiwa nazo mkononi. Yeye akageuka kutazama mlima, akautazama mlima sana. Nikazitia kwenye mfuko wa aproni yangu.

Minori alipotokea kwenye moshi sikuona mikono wala mabega, ingawa nilikusudia kuviangalia. Niliona mtu anakuja. Nyuma yake mlipuko ukainuka, kokoto zikaruka, joto likatupiga mashavuni, naye hakugeuza kichwa wala hakuharakisha. Alikuja mpaka karibu ya kamera akasimama, na ukasikia pumzi yake ndani ya kile kichwa. Bi Munakata alichelewa kusema kata.

Bwana Hirasaka alikuwa kando yangu. "Anatisha," alisema.

"Ndiyo," nilimjibu.

"Sikujua kama Kawasemi anaweza kutisha." Halafu akatoa kile kitambaa chake, akajifuta shingo, akajifuta na macho, akasingizia vumbi.

Tuna desturi moja. Mtu aliyekaa ndani ya vazi miaka mingi, akistaafu, hupewa kipande kidogo cha kuonekana kwa uso wake. Aonekane hata akipita njia, ili jina lake liandikwe kwenye orodha ya waigizaji, na mkewe amwone. Bi Munakata alimuuliza Mzee Kuramochi anataka kuwa nani. Polisi? Daktari? Alisema anataka kuuza tofu.

Filamu ilitoka majira ya joto, baada ya ile ya Mwekundu, kama walivyopanga. Mwekundu alipomaliza, baadhi ya wazazi walibeba watoto wao waliosinzia wakaondoka bila kujua kuwa kuna nyingine. Tulikaa safu ya nyuma, mimi katikati, Minori kushoto kwangu na Mzee Kuramochi kulia, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Bwana Hirasaka alikuwa safu ya mbele yetu, anahesabu kwa macho viti vinavyobaki wazi, akadhani hatumwoni.

Mwanzoni kabisa mwa filamu kuna mtaa wa alfajiri, na mzee wa masharubu anapita na beseni begani. Zimwi bado halijaja. Anapita tu, anaita wateja, anakunja kona. Ni kitambo kidogo, ukiinama kuokota bisi kimekupita.

Nyuma yetu mtoto wa kike akasimama juu ya kiti chake.

"Mama! Yule mzee ni Kawasemi!"

"Shh. Kawasemi hajatokea. Kaa."

"Ni yeye. Si unaona anavyotembea?"

"Kawasemi ni dada wa bluu, mwanangu. Atakuja."

"Najua atakuja," mtoto akasema, kwa ile subira wanayokuwa nayo wakituelewesha. "Na yule pia."

Mzee Kuramochi hakugeuka. Alivuta kofia chini zaidi, mkono wake mwingine ukaja taratibu ndani ya boksi langu la bisi na kukaa humo, hauchukui kitu. Mbele yetu masikio ya Bwana Hirasaka yalikuwa yamewiva kama ya mtu aliyekunywa. Naye hakugeuka.

Tukio la mwisho lilipofika, moshi ukajaa kwenye skrini, mweupe, mwingi, na Minori akanishika kiganja akakibana. Nyuma yetu yule mtoto alikuwa bado amesimama. Mama yake hakumwambia tena akae.